Timu Kwanza, Uwanja Baadaye: Uchambuzi wa Kisa cha Timu ya Taifa ya Kikapu ya Wanaume ya Sudan Kusini, 2020–2024

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vyama vya michezo, makocha na wanafunzi wa utawala wa michezo wanaotaka kujua shirikisho lisilo na uwanja wa ndani, lisilo na ligi ya uhakika na lisilo na bajeti linaweza kuanzia wapi. Majina yaliyotajwa ni ya watu ambao kazi yao iko hadharani. Habari za familia za wachezaji, mikataba yao na mazungumzo ya ndani ya shirikisho zimeachwa, na mahali ambapo hoja inaeleweka bila jina la mchezaji, jina hilo halikutajwa.

Usuli

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Ilijiunga na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mwaka 2013, na Desemba ya mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Juba. Kwa hiyo shirikisho la kikapu lilizaliwa katika nchi ambayo serikali yake haikuwa na nafasi ya kufikiria michezo, na ambayo watu wake wengi waliendelea kuishi kambini au ughaibuni kwa sababu za vita vilivyotangulia uhuru na vile vilivyoufuata.

Hata hivyo mchezo wenyewe haukuwa mgeni. Manute Bol, Mdinka mwenye urefu wa mita 2.31, aliingia NBA mwaka 1985, miaka 26 kabla nchi haijapata bendera. Alipokuwa Misri alimfundisha kikapu mtoto mmoja wa familia ya wakimbizi kutoka Wau aliyeitwa Luol Deng. Deng akaendelea hadi London, kisha Marekani, akaichezea Chicago Bulls kwa miaka kumi na kuchaguliwa katika mchezo wa nyota wa NBA mwaka 2012 na 2013. Mwaka 2012 alishiriki Michezo ya Olimpiki jijini London akiwa amevaa jezi ya Uingereza.

Habari hiyo ya mwisho inaeleza tatizo lote kwa ufupi. Nchi ilikuwa na wachezaji, lakini wachezaji hao walikuwa wamelelewa, wamefundishwa na wakati mwingine wamekwisha kusajiliwa na mataifa mengine. Wapo waliozaliwa Khartoum na kukulia Marekani, wapo waliozaliwa Nairobi au kambi ya Kakuma na kukulia Minnesota au Australia, na wapo waliokulia Kanada wasiokumbuka lolote la nchi ya wazazi wao. Ndani ya Sudan Kusini penyewe hapakuwa na hata uwanja mmoja wa ndani wa kikapu. Vijana walicheza juu ya saruji, chini ya jua, na mvua iliponyesha mazoezi yalikwisha.

Nairobi, Januari 2020

Baada ya kustaafu mwaka 2019, Deng alichukua uongozi wa shirikisho la nchi aliyozaliwa. Jaribio la kwanza kubwa lilikuja Januari 2020 jijini Nairobi, katika mashindano ya awali ya kanda ya kutafuta nafasi ya kuingia hatua ya kufuzu kwa AfroBasket 2021, mashindano ya ubingwa wa mataifa ya Afrika. Sudan Kusini ilifika fainali na kufungwa na wenyeji Kenya. Kwa kanuni za mashindano, safari ilikuwa imeishia hapo.

Kisha likaja janga la korona. Algeria ikajitoa katika hatua ya kufuzu, na FIBA ikaipa Sudan Kusini nafasi hiyo. Wapo wanaosimulia historia ya timu hii kana kwamba bahati hiyo haikuwapo, na wapo wanaoisimulia kana kwamba bahati hiyo ndiyo kila kitu. Pande zote mbili zinakosea. Nafasi ilitolewa bila kutolewa jasho, ni kweli, lakini timu iliyoalikwa muda mfupi kabla ya mechi, katikati ya vikwazo vya safari vya mwaka 2020, ilipaswa kuwa na orodha ya wachezaji wenye karatasi halali, wanaofikika kwa simu na walio tayari kupanda ndege. Shirikisho lilikuwa nayo orodha hiyo, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuanza kuitengeneza. Timu ilikwenda Kigali Novemba 2020 kucheza katika kundi lenye Nigeria, Mali na Rwanda, na rais wa shirikisho akakaa mwenyewe kwenye benchi kama kocha. Kundi lilipokamilika mwaka uliofuata, Sudan Kusini ilikuwa imefuzu AfroBasket kwa mara ya kwanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, ambao mengine yote yanauegemea, ulikuwa wa mpangilio. Njia inayofundishwa katika semina nyingi za maendeleo ya michezo huanzia chini: viwanja vya shule, mashindano ya vijana, ligi ya taifa, na mwishoni kabisa timu ya taifa inayotokana na hayo yote. Shirikisho la Sudan Kusini liligeuza mpangilio huo. Liliamua kujenga timu ya wakubwa kwanza, kwa kutumia wachezaji waliokwisha kufundishwa na mifumo ya nchi nyingine, na kuacha viwanja na ligi vije baadaye, vikivutwa na jina ambalo timu ingelipata. Sababu ilikuwa ya hesabu tu. Uwanja mmoja wa ndani ungemeza fedha ambazo hazikuwapo, ungechukua miaka, na ungekamilika wakati kizazi cha wachezaji waliokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu mwaka 2020 kimekwisha kupita. Timu ilihitaji tiketi, hoteli, uwanja wa kukodi na mtu wa kupiga simu.

Fedha za mambo hayo zilitoka kwa kiasi kikubwa mfukoni mwa rais wa shirikisho. Jambo hili limesemwa hadharani na kocha pamoja na wachezaji, na hakuna haja ya kulifunika kwa lugha ya kiofisi. Deng alilipa safari na malazi, na kambi za mazoezi ziliwekwa nje ya nchi, Kigali ikiwa mojawapo ya makazi ya kawaida ya timu.

Uamuzi wa pili ulihusu kocha. Royal Ivey, aliyewahi kucheza NBA na aliyekuwa msaidizi katika benchi la Brooklyn Nets na baadaye Houston Rockets, alisoma na Deng katika shule moja ya sekondari huko New Jersey. Shirikisho la kawaida lenye bajeti kama hiyo lisingeweza kumvutia mtu wa kiwango hicho, na urafiki ulifanya kazi ambayo mshahara usingeweza kuifanya. Aliteuliwa mwaka 2021 akaendelea hadi Olimpiki ya 2024. Mwendelezo huo una uzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu katika mfumo wa FIBA wa madirisha ya kufuzu timu hukutana siku chache kisha hutawanyika kwa miezi, na kikosi hubadilika kila dirisha kulingana na nani ameruhusiwa na klabu yake. Kitu pekee kinachobaki vilevile kati ya dirisha na dirisha ni benchi na mfumo wa uchezaji. Ukimbadilisha kocha katikati, umeanza upya.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kikanuni. FIBA inaruhusu kila timu mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Nchi nyingi huitumia nafasi hiyo kumleta mtu mrefu wa chini ya kikapu, kwa kuwa urefu ndio unaokosekana. Sudan Kusini haikuwa na upungufu wa urefu. Ilichokosa ni mwongozaji wa mchezo, mtu wa kuupandisha mpira dhidi ya ulinzi mkali na kuwalisha wenzake. Nafasi hiyo ikapewa Carlik Jones, Mmarekani mwenye urefu wa kawaida sana, ambaye mwaka 2023 alichaguliwa mchezaji bora wa G League, ligi ya maendeleo ya NBA. Katika Kombe la Dunia la mwaka huo hakuna aliyetoa pasi za kufunga nyingi kwa wastani kuliko yeye. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wa kiufundi uliofikiriwa vizuri kuliko yote katika kisa hiki. Ulitokana na kukitazama kikosi chenyewe kinakosa nini, na haukufuata desturi.

Wa nne ulikuwa wa umri. Khaman Maluach, aliyekulia Uganda baada ya familia yake kukimbia vita na aliyefundishwa katika akademia ya NBA nchini Senegal, aliingizwa kikosini kwenye Kombe la Dunia akiwa na miaka 16. Hakupewa dakika nyingi, wala haikutarajiwa apewe. Alikuwa ushahidi kwa vijana wengine wa ughaibuni kwamba mlango uko wazi mapema, kabla taifa jingine halijabisha hodi.

Kutoka Kigali hadi Manila

AfroBasket ya Agosti na Septemba 2021 ilichezwa Kigali. Kwenye mechi ya kuwania robo fainali Sudan Kusini ilikutana tena na Kenya, na safari hii ikashinda kwa pointi 60 kwa 58. Mwaka mmoja na miezi saba tu ndivyo vilivyotenganisha mechi hiyo na ile ya Nairobi, na tofauti ya uwanjani ilikuwa kikapu kimoja. Kenya haikuwa timu dhaifu. Februari 2021 mjini Yaoundé iliifunga Angola, wakati huo bingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73, kwa mtupo wa Tylor Ongwae wa sekunde ya mwisho, ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Kocha wake Liz Mills alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo. Sudan Kusini ilitolewa na Tunisia kwenye robo fainali, na Tunisia ikatwaa ubingwa.

Baada ya hapo njia za majirani hawa wawili ziliachana. Mills aliiongoza Kenya mwaka 2021 pekee, na Kenya haikuonekana katika Kombe la Dunia la 2023 wala AfroBasket ya 2025. Sudan Kusini ilibaki na benchi lilelile, ikacheza mechi 12 za kufuzu Kombe la Dunia na kushinda 11. Tiketi ilipatikana Februari 2023 mjini Aleksandria kwa kuifunga Senegal.

Huko Manila, kwenye Kombe la Dunia la 2023, mechi ya kwanza dhidi ya Puerto Rico iliisha kwa kushindwa pointi 96 kwa 101 katika muda wa ziada. Mechi ya pili ilikuwa ushindi wa 89 kwa 69 dhidi ya China, wa kwanza kwa nchi hiyo katika Kombe la Dunia. Ya tatu ilikuwa kipigo: Serbia 115, Sudan Kusini 83. Timu ikaangukia katika mechi za kuwania nafasi ya 17 hadi ya 32, mechi ambazo timu nyingi huzicheza zikiwa tayari zimefunga mizigo.

Hapo ndipo kisa kinapopata thamani yake ya kufundishia. Nafasi ya moja kwa moja ya Afrika kwenye Olimpiki ya Paris haikutolewa kwa kufika hatua fulani ya mashindano. Ilikuwa ya timu ya Afrika itakayomaliza juu ya wenzake, popote itakapokuwa katika orodha. Kwa kuwa hakuna timu ya Afrika iliyovuka kundi lake, Olimpiki ilikuwa inaamuliwa katika mechi hizohizo zisizotazamwa. Siku moja tu baada ya kipigo cha pointi 32, Sudan Kusini iliwafunga wenyeji Ufilipino 87 kwa 68 mbele ya mashabiki wao. Tarehe 2 Septemba 2023 iliifunga Angola 101 kwa 78. Ikamaliza ya 17, na tiketi ya Paris ikawa yake.

Pengo la pointi katika mechi mbili hizo lina maana. Timu iliyovunjika moyo hushinda kwa pointi mbili tatu ikiwa na bahati. Hii ilishinda kwa 19 na 23, ikilinda kwa nguvu hadi dakika za mwisho, kwa sababu tofauti ya pointi ingeweza kuamua nani yuko juu. Wachezaji walikuwa wanajua hesabu.

London na Lille

Tarehe 20 Julai 2024 mjini London, katika mechi ya kirafiki, Sudan Kusini iliongoza dhidi ya Marekani kwa 58 kwa 42 hadi mapumziko. Marekani iliokoka kwa pointi moja, 101 kwa 100, baada ya LeBron James kufunga zikiwa zimebaki sekunde nane. Mechi hiyo ilisambazwa duniani kote na ndiyo watu wengi wanayoikumbuka, ingawa kwa rekodi haina uzito wowote.

Yenye uzito ilichezwa Lille, Ufaransa, katika Olimpiki, tarehe 28 Julai, dhidi ya Puerto Rico ileile. Kabla ya mechi waandaaji walipiga wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini, kosa ambalo kwa watu waliopigania kujitenga halihitaji maelezo. Wachezaji walisimama wameweka mikono vifuani hadi wimbo sahihi ulipopatikana, kisha wakashinda 90 kwa 79. Marekani, safari hii ikiwa imejiandaa, ikawafunga 103 kwa 86. Serbia ikawafunga 96 kwa 85.

Ushindi mmoja uliwaweka nafasi ya tatu kundini. Timu mbili bora kati ya tatu zilizoshika nafasi ya tatu zilisonga mbele, nazo zilikuwa Ugiriki na Brazil, zenye ushindi mmoja pia. Sudan Kusini ilibaki nje kwa tofauti ya pointi, ikiwa na hasi 17.

Uchambuzi: kilichofaulu

Kugeuza mpangilio kulifaulu kwa sababu ya hali mahususi ambayo si kila nchi inayo: hazina ya wachezaji waliokwisha kufundishwa kwa gharama ya wengine. Shirikisho lisilo na diaspora ya namna hiyo likijaribu kuiga njia hii litapata jezi nzuri na vipigo vikubwa. Hili linahitaji kusemwa wazi, maana tangu 2023 viongozi wengi wa michezo katika ukanda wetu wameutaja mfano wa Sudan Kusini kana kwamba unanunuliwa dukani.

Kinachoweza kuigwa na yeyote ni mambo madogo. Kuweka kumbukumbu za wachezaji na karatasi zao kabla ya kuzihitaji ni jambo la bei nafuu, na ndilo lililogeuza kujitoa kwa Algeria kuwa mlango. Kusoma kanuni za mashindano hadi aya ya mwisho na kupanga nguvu za kikosi kwa kuzifuata ni bure kabisa. Kumwacha kocha afanye kazi yake kwa mzunguko mzima wa miaka mitatu au minne kunahitaji uvumilivu wa viongozi, na hapa tofauti na Kenya inauma zaidi, kwa kuwa mwaka 2021 timu hizi zilikuwa sawa kabisa na pengine Kenya ilikuwa na msingi bora: ligi inayochezwa, klabu za mashirika na vyuo, na viwanja vya ndani. Sidai kwamba kumbakiza kocha kungeipeleka Kenya Manila. Ninachodai ni kwamba msingi wa chini peke yake haukutosha kuibakiza mahali ilipokuwa.

Uchambuzi: kilichokwama

Udhaifu wa uwanjani ulionekana mapema na haukutibiwa. Timu ilimtegemea mwongozaji mmoja kupita kiasi, na kwa kuwa mwongozaji huyo alichukua nafasi pekee ya uraia wa tajnisi, hakukuwa na njia ya kikanuni ya kumletea msaidizi wa kiwango chake kutoka nje. Msaidizi alipaswa kukuzwa miongoni mwa vijana wenyewe, kazi ambayo huchukua miaka na ambayo huhitaji ligi. Serbia, timu kubwa na yenye subira, iliuona udhaifu huo Manila na tena Lille.

Udhaifu wa pili ni wa kitaasisi. Shirikisho lililoendeshwa kwa fedha, jina na marafiki wa mtu mmoja lilikwenda kasi kwa sababu hakukuwa na kamati ya kuomba kibali, na kwa sababu hiyohiyo halikujijengea desturi ya kupata fedha bila yeye. Sehemu ya pili ya mpango, ile ya viwanja na ligi, ilipaswa kufuata jina la timu. Hadi timu inaondoka Lille jina lilikuwa limepatikana kuliko ilivyotarajiwa na yeyote, ilhali Juba ilikuwa bado haina uwanja wa ndani. Klabu ya Cobra Sport iliiwakilisha nchi katika Ligi ya Kikapu ya Afrika mwaka 2022, lakini uwakilishi wa klabu moja haulingani na ligi yenye ratiba, waamuzi na makocha wanaolipwa.

Safari ya Maluach inaonyesha kasoro hiyo hata katika ufanisi wake. Mwaka 2025 alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akiwa ametoka Uganda, Senegal na Chuo Kikuu cha Duke, alikosoma pia rais wa shirikisho lake. Hakuna hatua hata moja ya mafunzo yake iliyofanyika Sudan Kusini. Wachezaji wa kikosi cha 2024 walitokana na uhamaji wa miaka ya 1990 na 2000, na watoto wao wanazaliwa wakiwa raia kamili wa Australia, Kanada na Marekani, mbali kizazi kimoja zaidi na nchi ya babu zao. Shirikisho litakaloandaa timu ya miaka ya 2030 litalazimika kuwatafuta wachezaji ndani ya nchi kwa kiwango ambacho lile la 2020 halikulazimika, na saruji ya Juba ndiyo itakayokuwa mahali pa kuanzia kuwafundisha.